Petroli na oili ya tu-stroki: zile namba 50:1 na 25:1 zina maana gani hasa

Chenso (msumeno wa injini) ikikufia mikononi ghafla, kabla hujaanza kubadilisha plagi na kulaumu kabureta, iache ipoe halafu toa mafla. Mara nyingi ni nati mbili au tatu tu. Mulika tochi ya simu kwenye lile tundu la ekzosi, vuta kamba polepole sana, na pistoni itapita mbele ya macho yako. Pistoni iliyo nzima ubavu wake ni wa kijivu unaong'aa, ina vimistari vyembamba vya kulala vilivyoachwa na kiwanda, na ringi inacheza kwenye mfereji wake. Pistoni iliyokaukiwa oili imekwaruzwa kwa wima kama imeparurwa na paka, alumini imejipakaza mpaka juu ya ringi, na ringi imegandia palepale haisogei. Ukiona hivyo, mara nyingi shida ilianzia kwenye dumu la petroli.

Mimi niliiona kwenye mashine ya kufyekea ya jamaa yangu mmoja. Alikuwa amezoea ile ya fo-stroki (injini ya mipigo minne), unaweka petroli yako safi unaendelea na kazi, alipopata hii ya tu-stroki (ya mipigo miwili) akafanya vilevile. Anasimulia kwamba iliwaka kwa mvuto wa pili, moshi hakuna kabisa, resi iko juu kuliko alivyotegemea, akajua amepata mashine ya nguvu. Baada ya dakika chache resi ikaanza kushuka yenyewe huku kidole bado kimebana, mlio ukawa mzito, ikazima, na kamba ikawa haivutiki tena. Kinachoniuma ni kwamba hakuna kitu kilichomwonya, kwa sababu tu-stroki ikinyweshwa petroli kavu, yaani isiyo na oili, mwanzoni inaonekana iko sawa kabisa.

Ili uelewe kwa nini inakufa haraka hivyo lazima ujue oili inakaa wapi. Kwenye injini ya fo-stroki, kama ya gari, kuna sampu chini, yaani bakuli la oili, oili imejaa humo, inarushwa au inapampiwa kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na pistoni halafu inarudi chini, mzunguko uleule miezi kadhaa mpaka uimwage. Tu-stroki ya chenso haina sampu, haina pampu ya oili ya injini, haina hata kijiti cha kupimia. Chumba cha krenki, kile ambacho kwenye fo-stroki kingekuwa na oili, hapa kinafanya kazi ya pampu ya hewa: pistoni ikipanda inavuta hewa na petroli chini yake, ikishuka inausukuma mchanganyiko huo upite kwenye njia za pembeni uingie juu ukachomwe. Mpango huu wa kutumia chumba cha krenki kama pampu alikuja nao Joseph Day kule Uingereza, akapata hataza mwaka 1891, na chenso za leo bado zinaufuata.

Sasa angalia njia hiyo. Kabla petroli haijafika kwenye plagi imeshapita kwenye beringi za krenki, kwenye konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), kwenye pini ya pistoni, na tumboni mwa pistoni yenyewe. Humo ndani kuna joto, petroli inageuka mvuke upesi lakini oili haigeuki, inabaki kama vitone vidogo sana vinavyotua kwenye vyuma na kutandaza utando. Utando huo ndio unaotenganisha chuma na chuma, hakuna kitu kingine. Halafu taratibu unakokotwa na mchanganyiko mpya unaopita, unapanda juu, unaungua, unatoka na moshi, na haurudi. Kwa hiyo kila tone la petroli linaloingia lazima lije na oili yake mkononi, ukikosea dumu moja injini haina akiba ya kuishi nayo.

Na kiasi chenyewe ni kidogo mno. Tangi la chenso ya kawaida linachukua kama nusu lita. Ukichanganya kwa 50:1, humo ndani mna oili mili 10, yaani vijiko viwili vya chai. Vijiko viwili vya chai ndivyo vinavyolinda beringi, pini, ringi na silinda tangi zima, wakati krenki inazunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika, ambayo ni mara 200 kwa sekunde. Mimi nikishafikiria hivyo siwezi tena kumimina oili kwa kukadiria na jicho.

Haya, tuje kwenye namba. 50:1 maana yake sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Hapa ndipo watu wengi wanateleza, wanaona 50 ni kubwa kuliko 25 wanadhani 50:1 ndiyo yenye oili nyingi, kumbe ni kinyume, namba ikipanda oili inapungua. Pengine utakuta imeandikwa 1:50, ni kitu kilekile kimegeuzwa, pengine imeandikwa 2%, nayo ni hiyohiyo. Hesabu yake ni nyepesi: lita moja ni mili 1,000, gawa kwa ile namba. 1,000 kwa 50 unapata mili 20 za oili kwa kila lita ya petroli. 40:1 ni mili 25. 33:1 ni kama mili 30. 25:1 ni mili 40, mara mbili ya ile ya kwanza. Ukiwa na dumu la lita 5, 50:1 inataka mili 100, 40:1 inataka 125, 25:1 inataka 200.

Kupimia, achana na vizibo vya chupa. Vizibo havilingani, na watu wawili wakijaza kizibo kimoja kila mtu anajaza kivyake. Chukua bomba la sindano la mili 20, bila sindano yenyewe, lile plastiki lenye mistari. Bomba moja limejaa kwa lita moja ya petroli, umepata 50:1 kamili. Bomba moja na mili 5 juu yake, umepata 40:1. Bomba mbili, 25:1. Ukimaliza lifute, liweke pamoja na dumu la mchanganyiko na lisitumike kwa kitu kingine. Petroli nayo ipimwe, dumu lililoandikwa lita 5 likijazwa mpaka shingoni mara nyingi linabeba zaidi ya 5.

Swali linalofuata huwa ni hili, kwa nini mashine moja inasema 25:1 na nyingine 50:1, tena wakati mwingine mashine hiyohiyo inataja zote mbili. Sababu kubwa ni oili. Zamani oili zilizokuwepo zilikuwa dhaifu na injini zenyewe zilikuwa na bushi mahali ambapo siku hizi kuna beringi za sindano, ndiyo maana mashine za kale unakuta 20:1 au hata 16:1. Oili zikaboreshwa, zikatengenezwa maalumu kwa injini ndogo zinazopozwa na hewa, zikaweza kulinda kwa kiasi kidogo. Baadhi ya vitabu vya Husqvarna, watengenezaji wa chenso, kwa mfano vinakuambia 50:1 ukitumia oili yao wenyewe, na 33:1 ukitumia oili nyingine ya tu-stroki zinazopozwa na hewa. Mantiki yao inaeleweka, oili yao wanaijua ubora wake, ya kwako hawaijui, wanakuongezea kidogo kwa usalama. Kwa hiyo ile namba huwezi kuitenganisha na aina ya oili, na mtu akikwambia "weka 50:1" muulize kwanza 50:1 ya oili gani.

Ubora unauona nyuma ya chupa. Tafuta herufi za JASO, hizo ni viwango vya Kijapani: FB, FC, FD. FB ni ya msingi, FC inatoa moshi mdogo, FD inasafisha ndani vizuri zaidi na haiachi masizi mengi. Pembeni yake unaweza kukuta viwango vya ISO, EGB, EGC, EGD, ambavyo vinakwenda sambamba na hizo tatu. Mimi nikiwa na uchaguzi nachukua FD, chenso inafanya kazi kwenye joto kali na usafi wa ringi ndio uhai wake. Chupa isiyo na herufi yoyote ila picha ya moto na neno 2T kubwa (2T ndiyo tu-stroki), mimi siigusi.

Kuna chupa nyingine imeandikwa TC-W3. Hiyo ni oili ya tu-stroki kweli, lakini ni ya injini za boti zinazopozwa na maji. Injini ya boti inapozwa na maji muda wote, silinda yake haifiki joto la chenso, na oili yake imetengenezwa kwa mazingira hayo. Ukiiweka kwenye chenso inaweza kwenda siku mbili tatu usione kitu, lakini ringi zinaanza kugandiana na masizi kidogokidogo. Watu wa pwani na maziwani hii huwatokea sana kwa sababu oili hiyo ndiyo iliyo karibu, na mtu anaona imeandikwa tu-stroki basi anamaliza.

Na oili ya gari? Hapana, na sababu ni nzito. Oili ya gari imetengenezwa izunguke ndani isiungue, ndani yake mna viambato vyenye madini, na ukizichoma hizo zinaacha majivu. Majivu yanajenga kwenye kichwa cha pistoni na kwenye ncha ya plagi, plagi inaanza kumisi, na yale makaa yakishika moto yanaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati wake. Tena ni nzito, haijayeyushwa kama ya 2T, inashuka chini ya dumu upesi. Kwa hiyo lita ya kwanza unayomimina ina oili nyingi kuliko ulivyopima na ya mwisho ina kidogo, au kinyume chake, kutegemea umetikisa vipi.

Sasa kuna wale wanaosema, si uongeze tu oili, itakosa nini? Huyu ana nusu ya ukweli, na nataka nimtendee haki. Oili ikizidi moshi unakuwa mwingi, plagi inalowa, masizi yanaziba tundu la ekzosi na ule wavu mdogo ndani ya mafla wa kuzuia cheche, na hapo mashine inakosa pumzi, inawaka vizuri lakini ukibana resi haipandi. Wengi wakifika hapo wanapeleka kabureta kwa fundi ikasafishwe kumbe kilichoziba ni wavu wa ekzosi wenye ukubwa wa sarafu. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalitegemei. Kabureta inapima ujazo wa kile kinachopita, haijui hii ni petroli hii ni oili. Ukiongeza oili, kwenye kila funda petroli imepungua, kwa hiyo moto unakuwa na hewa nyingi kuliko petroli, na hali hiyo inaongeza joto. Kwa mabadiliko ya 50 kwenda 40 tofauti hiyo ni ndogo sana, haiwezi kuua kitu. Lakini ukitoka 50 ukaenda 16 kwa nia njema ya kuilinda injini, umebadilisha chakula chake na kabureta haijarekebishwa.

Msimamo wangu ni huu: fuata kitabu, na kama huna uhakika kati ya 40 na 50, chukua 40. Sijawahi kuona injini ya kisasa iliyokufa kwa sababu ya 40:1. Nimeona zilizokufa kwa sifuri, kwa mchanganyiko uliojitenga, na kwa petroli iliyolala muda mrefu. Mashine ya mkononi isiyo na kitabu, soma kwanza mfuniko wa tangi na stika za pembeni, kisha tafuta namba ya modeli ukaitafutie kitabu chake mtandaoni, karibu zote zipo. Ikiwa ni chuma cha kale kweli ambacho hata namba imefutika, ianzishe na 25:1 ya oili nzuri, moshi utauvumilia.

Kuchanganya kwenyewe kufanyike kwenye dumu, kamwe usichanganyie kwenye tangi la mashine. Ukimimina petroli kwenye tangi halafu ukadondoshea oili juu, sehemu ya ile oili inatelemka moja kwa moja chini kule kwenye mpira wa kufyonzea, kabureta inaanza na oili tupu halafu inafuatia petroli karibu kavu. Chukua dumu safi la mafuta, weka nusu ya petroli, weka oili yote, funga, tikisa kwa nguvu, malizia petroli iliyobaki, tikisa tena. Na kila unapokwenda kujaza tangi, hata kama dumu ulilichanganya asubuhi ileile, litikise kwanza. Fanya haya nje, mbali na moto, mashine imezimwa na imepoa, mafla ya chenso iliyotoka kazini inawasha mvuke wa petroli bila kukuuliza.

Oili nyingi za 2T zimetiwa rangi, bluu, kijani au nyekundu, na ile rangi imewekwa ili uone kwa macho kwamba petroli imeshachanganywa. Ukiwa na dumu la mashaka, labda mtu mwingine amelijaza, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na usubiri. Petroli tupu inakauka inaondoka, karatasi inabaki karibu kama ilivyokuwa. Mchanganyiko unaacha doa la mafuta, ukiinua karatasi kwenye mwanga linapitisha nuru. Doa halikuambii ni 50 au 25, ila linakuambia oili imo au haimo, na hilo ndilo la kujua kwanza. Baada ya hapo andika kwenye dumu kwa maka peni: uwiano na tarehe.

Tarehe, kwa sababu mchanganyiko unazeeka. Watengenezaji wengi wanasema changanya wa kukutosha mwezi mmoja tu. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi zinatoroka na mashine inakuwa ngumu kuwaka. Mbaya zaidi ni petroli yenye ethanoli, ambayo nchi nyingi inauzwa bila mtu wa kawaida kujali. Ethanoli inavuta unyevu wa hewani, na maji yakifika kiasi fulani inaachana na petroli, inashuka chini pamoja na maji. Oili yenyewe inabaki juu na petroli. Na mpira wa kufyonzea uko wapi? Chini. Kwa hiyo mtu aliyepima vizuri kabisa, oili ya FD, 50:1 safi, anaweza kuinywesha mashine kinywaji kisicho na oili hata tone. Ukiona chini ya dumu kuna tabaka lenye mpaka wake, usitikise ukadhani itarudi, hiyo imeshakwisha, ipeleke panapopokelewa mafuta machafu. Na mashine ikienda kukaa wiki kadhaa, mwaga tangi, iwashe mpaka izime yenyewe, zile diaframu (ngozi nyembamba) za kabureta zisikakamae ndani ya petroli iliyooza.

Kuna mitego miwili ya kuangalia kabla hujamimina. Mashine za kufyekea siku hizi zinafanana kwa nje lakini nyingine ni fo-stroki yenye sampu yake, hiyo ina mifuniko miwili, wa petroli na wa oili, na inataka petroli isiyochanganywa. Halafu Stihl, watengenezaji wengine wa mashine hizi, wana injini wanaziita 4-MIX, ni fo-stroki yenye valvu lakini haina sampu na inakunywa mchanganyiko wa 50:1. Kwa hiyo neno fo-stroki peke yake halikutoshi, angalia alama kwenye mfuniko wa petroli: picha ya pampu ikiwa na tone la oili, changanya. Mtego wa pili ni wa chenso, nayo ina mifuniko miwili, ila ule wa pili ni wa oili ya mnyororo. Hiyo ni nzito na inanata, inakwenda kwenye bao (ule upanga wa chuma unaozungukwa na mnyororo) na mnyororo tu, haihusiani kabisa na injini, na wapo walioimimina kwenye petroli wakidhani ndiyo 2T.

Niongeze kwamba pistoni iliyokwaruzwa si kila mara kosa la oili. Mpira kati ya kabureta na silinda ukipasuka, au sili za krenki zikichoka, hewa ya ziada inaingia na injini inaungua ikiwa na mchanganyiko sahihi tumboni. Dalili yake ni resi inayobaki juu hata umeachia kidole. Na makwaruzo yake kwa kawaida yako zaidi upande wa ekzosi ambako kuna joto, wakati aliyekosa oili kabisa mara nyingi amekwaruzika kuzunguka. Ukifunga pistoni mpya bila kutafuta hewa inapoingilia, itakufa kama ya kwanza.

Na kama umegundua sasa hivi, mashine inanguruma mkononi na ukakumbuka ulijaza petroli kavu: zima papo hapo, usimalizie hata mstari mmoja. Iache ipoe yenyewe, usiimwagie maji. Mwaga tangi lote, toa plagi, dondosha matone machache ya oili ya 2T kwenye silinda na uvute kamba taratibu mara kadhaa. Toa mafla uangalie pistoni kama nilivyoeleza mwanzo. Ikiwa laini, na ukirudisha plagi kamba bado ina ule ukinzani wake wa kawaida unapoivuta, jaza mchanganyiko sahihi, iwashe, iache ingurume polepole dakika chache kabla ya kuipa kazi. Jamaa yangu aliendelea mpaka ikakataa yenyewe, na alichopona nacho ni kabureta na kamba.